Kulungu ni wa Wote, Njia ni ya Nani?

Novemba ikiingia, Waswahili wanaoishi Marekani huanza kuulizana maswali yaleyale. Jirani wa Milwaukee, Wisconsin, kaonekana asubuhi na kizibao cha rangi ya chungwa inayong'aa, jioni karudi na kulungu nyuma ya pikapu. Mnyama yule ni wake, ni wa serikali, au ni wa yeyote anayewahi? Aliyeko Texas keshalipia leseni ya uwindaji, kisha mwenye shamba anamtaka mamia ya dola ili amfungulie geti. Analipia nini mara ya pili? Na aliyeko Pennsylvania kaambiwa kuna mapori ya umma yasiyo na kiingilio, kafika kabla ya mapambazuko akakuta magari yamejipanga pembeni mwa barabara, hana hata pa kuegesha.

Juu ya hayo mwaka 2025 zilikuja habari mbili kubwa. Mwezi Juni, pendekezo la Seneta Mike Lee wa Utah la kuuza mamilioni ya ekari za ardhi ya umma liliondolewa baada ya wawindaji, wakiwemo wengi wanaokiunga mkono chama chake, kulipinga kwa nguvu. Mwezi Oktoba, Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza rufaa ya mwenye ranchi mmoja wa Wyoming aliyetaka wawindaji waliovuka kwenye pembe ya ardhi yake wahesabiwe kuwa wavamizi. Mitandaoni wengine wakaandika kwamba sasa Mmarekani ana ruhusa ya kuwinda popote, wengine kwamba ardhi ya umma inauzwa yote. Hakuna la kweli kati ya hayo mawili. Ili kuona kwa nini, inabidi kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya: mnyama, ardhi, na njia ya kuifikia.

Mnyama ni wa nani

Kulungu tunayemzungumzia ni yule mwenye mkia mweupe kwa chini, anayepatikana karibu kila jimbo. Si kulungu wa misitu ya kwetu, ambaye pembe zake ni za kudumu. Dume wa Marekani hudondosha pembe kila mwaka baada ya majira ya kupandana, kisha huota nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa ukingoni mwa kutoweka, kwa sababu nyama na ngozi yake viliuzwa sokoni kama bidhaa nyingine yoyote. Inakadiriwa walibaki kati ya laki tatu na laki tano nchi nzima. Leo wanakadiriwa kufikia milioni 30.

Kurudi kwao hakukuwa bahati. Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 ilipiga marufuku kusafirisha kutoka jimbo moja hadi jingine wanyama waliowindwa kinyume cha sheria. Mwaka 1937 ikaja sheria ya Pittman-Robertson, inayotoza ushuru wa asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi na kuzielekeza fedha hizo kwenye uhifadhi wa wanyamapori wa majimbo. Ukijumlisha na ada za leseni, wawindaji wenyewe ndio wamekuwa wakilipa sehemu kubwa ya gharama za kuwatunza wanyama wanaowawinda. Biashara ya nyama ya kulungu wa porini ilizimwa, na mpaka leo haijafunguliwa: ukimpiga, utakula na familia yako, utawagawia marafiki, au utaipeleka nyama kwa mashirika yanayolisha wasiojiweza, lakini huwezi kuiuza. Nyama ya kulungu inayouzwa mikahawani hutoka kwa wanyama wa kufugwa. Mtanzania aliyezoea habari za bucha za nyamapori zilizoruhusiwa nyumbani asisahau tofauti hii, maana faini yake ni kubwa.

Kisheria, kulungu aliye hai hana mwenyewe. Jimbo humshikilia kwa amana, kwa niaba ya wananchi wake wote. Akiruka ua na kuingia kwenye shamba la mahindi la mtu, hageuki kuwa mali ya mtu huyo, hata kama anashiba mahindi yake kila usiku. Hapo hatutofautiani sana nao. Tanzania na Kenya pia mnyamapori ni wa taifa, kajikuta anasimama juu ya ardhi ya nani haijalishi.

Kwa hiyo leseni na ruhusa ya kuingia ni vitu viwili tofauti. Leseni ni kibali cha jimbo cha kumchukua mnyama; Texas, mkazi hulipa dola 25, mgeni wa nje ya jimbo dola 315. Ruhusa ya mwenye shamba ni kibali cha kukanyaga ardhi yake, na kwa hilo ana haki ya kudai atakacho, au kukataa kabisa.

Watu wa mwambao watalielewa hili haraka. Samaki si mali ya hoteli, wala bahari si mali ya hoteli. Lakini hoteli na nyumba za kifahari zikijipanga ufukwe mzima, mvuvi hubaki barabarani anasikia mawimbi asiyoweza kuyafikia. Hakuna aliyemnyang'anya samaki. Kanyimwa njia. Sehemu kubwa ya ugomvi wa uwindaji Marekani ni ugomvi wa namna hiyo.

Umma upi?

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba ardhi ikishakuwa ya umma, basi kuwinda ni ruksa. Serikali kuu ya Marekani inamiliki takriban ekari milioni 640, zaidi ya robo ya nchi, lakini ziko chini ya idara tofauti zenye makusudi tofauti. Hifadhi nyingi za taifa haziruhusu uwindaji. Misitu ya Taifa, yenye ekari milioni 193, na ardhi iliyo chini ya Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi, kama ekari milioni 245, kwa sehemu kubwa huruhusu, ili mradi uwe na leseni na ufuate msimu wa jimbo ulilomo. Halafu kuna ardhi za majimbo yenyewe. Pennsylvania ilianza mwaka 1920 kununua mapori maalumu ya uwindaji, na leo yanafikia takriban ekari milioni 1.5, vipande zaidi ya 300 vilivyotapakaa jimbo zima.

Mtanzania afanye uangalifu hapa asije akafikiri ni vitalu. Kitalu cha uwindaji ni ardhi ya umma, ndiyo, lakini kampuni iliyogawiwa ndiyo inayoleta wageni wake mle. Pori la umma la Marekani halina mgawiwa. Anayefika wa kwanza anakaa anapotaka, na anayefika wa pili atafute kwingine. Daktari wa Philadelphia na fundi bomba wa Scranton wana haki sawasawa. Huu ni utaratibu wa heshima kubwa, nami naupenda. Ila ndio unaozaa msongamano.

Kwa nini pamejaa, ilhali wawindaji si wengi?

Utafiti wa serikali wa mwaka 2022 ulikadiria wawindaji wa kila aina kuwa milioni 14 na ushee, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 330. Kwa hesabu hiyo kila mmoja angepata nafasi ya kutosha. Tatizo ni kwamba ardhi haiko walipo watu. Karibu asilimia 80 ya Nevada ni ya serikali kuu, na wakazi ni wachache. Texas, zaidi ya asilimia 95 ni mali ya watu binafsi. Iowa na majimbo mengine ya mahindi hali ni hiyohiyo. Ukikaa mashariki, pori la umma lililo karibu nawe pengine ni kipande kimoja kinachokimbiliwa na miji mitatu.

Ongeza suala la muda. Wisconsin, msimu mkuu wa bunduki ni siku 9, kuanzia Jumamosi kabla ya sikukuu ya Shukrani ya mwishoni mwa Novemba, na watu zaidi ya laki tano hujitokeza. Pennsylvania hufungua Jumamosi inayofuata sikukuu hiyo. Asubuhi ya ufunguzi, maegesho ya pori la umma huwa na pilikapilika kama stendi: tochi za kichwani zinamulikana, milango ya pikapu inafungwa polepole ili isilie, watu wanamimina kahawa kutoka kwenye chupa bila kusemezana. Kila mmoja anatazama mwenzake anaelekea wapi ili asimfuate. Sheria ya Pennsylvania inawataka wavae inchi za mraba 250 za rangi ya chungwa kichwani, kifuani na mgongoni, na jua likichomoza utaiona rangi hiyo kila pengo la miti.

Sababu ya tatu huzungumzwa kidogo, na kwa maoni yangu ndiyo nzito. Zamani, sehemu nyingi, kijana alipiga hodi kwa mkulima, akaomba, akaruhusiwa, pengine akarudi na paja la nyama kama shukrani. Siku hizi shamba lilelile limekodishwa kwa kikundi cha watu kutoka mjini kwa bei ya kila ekari, au limeuzwa kwa mtu aliyelinunua kwa ajili ya kuwinda tu. Yule kijana hakuacha kuwinda. Amehamia pori la umma.

Hilo halimfanyi mkulima kuwa mtu mbaya. Kulungu wanamlia mahindi na soya, kodi ya ardhi analipa yeye, na kwa baadhi ya wafugaji wa Texas ada za uwindaji ndizo zinazozuia ranchi isikatwekatwe kuwa viwanja vya nyumba. Vilevile kulungu wengi wa mashariki na kusini wanaishi kwenye ardhi ya watu binafsi, na wangekosa pa kukaa kama wenye ardhi wangefyeka kila kichaka. Lakini gharama ya geti linalofungwa hulipwa na yule asiye na ardhi na asiye na rafiki mwenye ardhi. Wahamiaji wengi wamo katika kundi hilo.

Kulungu naye anajua

Husemwa pia kwamba pori la umma halina wanyama. Wapo. Kinachotokea ni kwamba kulungu husoma mienendo ya watu haraka sana. Siku ya kwanza milio ya bunduki ikianza, huhamia kwenye vichaka vizito, vinamasi, miteremko mikali, au shamba la jirani lisilo na mtu. Mchana hulala, usiku ndio hula. Kwa upande wao, wawindaji wengi hawaendi mbali na barabara, kwa kuwa kumburuta mnyama wa kilo 70 kwenye theluji si kazi ndogo. Ndiyo maana wazoefu wa mapori ya umma hutafuta sehemu ambayo mwingine angeiona ni usumbufu: ng'ambo ya kijito cha kuvuka kwa buti ndefu, au pale ambapo watu wakiingia kutoka maegesho watawasukuma wanyama kuelekea kwake.

Kwenye shamba la mtu hali ni nyingine kabisa. Mwenyewe hujenga ulingo wa kudumu, hutegesha kamera zinazopiga picha usiku, na Texas anaruhusiwa kuweka mashine inayomwaga mahindi kwa saa maalumu. Wanyama hawabughudhiwi, kwa hiyo hutembea mchana, na dume huachwa akomae. Hata mavazi yanatofautiana. Texas, kwenye ardhi binafsi hulazimiki kuvaa rangi ya chungwa. Ukiingia ardhi ya umma ya uwindaji katika jimbo hilohilo, unatakiwa inchi za mraba 400. Sababu yake ni rahisi: shambani unajua nani yuko wapi, porini hujui.

Lakini asikudanganye mtu kwamba ndani ya geti hakuna sheria. Msimu ni uleule, idadi ya wanyama ina kikomo, na katika majimbo mengi askari wa wanyamapori anaweza kuingia shambani kukagua bila hati ya mahakama. Baadhi ya majimbo humsamehe mkulima leseni anapowinda kwenye ardhi yake mwenyewe. Msamaha huo hauwafikii wageni wake.

Ngazi ya Wyoming

Sasa turudi kwenye ile kesi. Katika karne ya 19, serikali iliyalipa makampuni ya reli kwa ardhi. Eneo la kandokando ya reli lilikatwa vipande vya mraba vya maili moja kwa maili moja, ekari 640 kila kimoja, vikipishana: kimoja cha reli, kinachofuata cha serikali. Wamarekani huuita mpangilio wa drafti. Vipande vya reli baadaye viliuzwa kwa watu binafsi, vya serikali vikabaki vya umma. Matokeo yake, vipande viwili vya umma hugusana kwenye pembe tu, na pande zote nyingine kuna ardhi ya mtu. Kuna mamilioni ya ekari za umma zilizofungiwa hivyo.

Mwaka 2021 wawindaji kutoka Missouri walifika Elk Mountain, Wyoming, wakiwa na ngazi ya chuma waliyoitengeneza wenyewe. Kwenye pembe walikuta nguzo mbili zilizounganishwa kwa mnyororo. Wakaisimamisha ngazi juu yake, upande mmoja ardhi ya umma, upande wa pili ardhi ya umma, wakapanda na kushuka bila mguu kugusa udongo wa ranchi. Mwenye ranchi alisema wamepita kwenye hewa iliyo juu ya ardhi yake, na huo ni uvamizi. Walishitakiwa kwa jinai na baraza la wazee wa mahakama likawaachia huru mwaka 2022. Kesi ya madai ikafuata, ya mamilioni ya dola. Mwaka 2023 jaji wa shirikisho akawapa ushindi, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya 10 ikaunga mkono, ikitegemea sheria ya mwaka 1885 inayokataza kuwazuia watu wasiifikie ardhi ya umma. Sheria hiyo ilitungwa enzi ambazo wafugaji wakubwa walizungusha uzio kwenye malisho ya serikali.

Hukumu hiyo inayafunga majimbo 6 tu: Wyoming, Colorado, Utah, New Mexico, Kansas na Oklahoma. Mahakama ya Juu haikutoa uamuzi wowote juu ya hoja yenyewe, ilikataa tu kuisikiliza rufaa. Montana, ambako kuna pembe nyingi za namna hiyo, haimo katika kanda hiyo, na viongozi wa jimbo wametangaza kwamba kwao kuvuka pembe bado hairuhusiwi. Na hata Wyoming, ukikanyaga upande wa ranchi hatua moja tu, umevamia.

Njia za katikati

Si kila mahali lazima uchague kati ya msongamano na ada. Montana hulipa wamiliki wa ardhi wanaokubali kuwafungulia wananchi kupitia mpango wa Block Management. Kansas hukodi mashamba ya wakulima na kuyafungua kwa wawindaji wanaoingia kwa miguu, zaidi ya ekari milioni moja. Huko New England, majimbo ya kaskazini-mashariki, kuna desturi kongwe zaidi. Katiba ya Vermont, tangu mwaka 1777, inawapa wakazi uhuru wa kuwinda kwenye ardhi isiyozungushiwa uzio, na Maine, ambako zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ni ya watu binafsi, ardhi isiyowekwa tangazo la katazo kwa kawaida huwa wazi kwa wawindaji. Wakongo waliohamia Portland ya Maine wana bahati kwa hilo kuliko ndugu zao wa Houston, Texas. Naiona Kansas kuwa mfano bora kwa sababu mkulima analipwa, mwananchi anaingia, na hakuna aliyelazimishwa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini zaidi ya nusu ya wanyamapori wake wanaishi nje ya hifadhi, juu ya ardhi za watu na jamii. Nani amlipe anayewalisha ni swali ambalo Kansas imelijibu kwa mkataba wa kukodi.

Kwa anayetaka kujaribu

Mambo ya mipaka si ya kubahatisha. Novemba 2004, kaskazini mwa Wisconsin, mwindaji mhamiaji wa jamii ya Hmong, watu wa asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, alikutwa juu ya ulingo uliokuwa ndani ya ardhi ya watu. Ukazuka ugomvi, na kabla haujaisha aliwapiga risasi watu 8, wakafa 6. Alihukumiwa vifungo vya maisha, na jamii yake ilibeba chuki ya majirani kwa miaka. Ukijikuta umekosea mpaka, shusha bunduki, omba radhi, ondoka kwa njia uliyojia. Malumbano yaachie simu na ofisi.

Jifunze alama. Texas na Pennsylvania, mstari wa rangi ya zambarau kwenye shina la mti una nguvu ileile ya kibao kinachosema usiingie. Texas mstari huo huwa wima, inchi 8 urefu na inchi 1 upana, futi 3 hadi 5 kutoka chini. Mgeni asiyejua huudhani ni alama ya wakata miti. Simu iwe na programu ya ramani inayoonyesha mipaka ya viwanja, na ramani uipakue kabla, maana porini mtandao hukatika. Kozi ya usalama wa uwindaji ifanye hata kama umri wako unakusamehe.

Kwa ndugu walioko Iowa, ambako ardhi ya umma ni haba, bado hodi inafanya kazi. Nenda mchana, bila silaha, bila kundi. Sema unafanya kazi wapi na unaishi wapi, omba kuwinda majike, kwa kuwa wakulima wengi wanataka wapungue, na ruhusa uipate kwa maandishi. Msimu wa bunduki kule hufunguliwa Desemba, kwa hiyo Agosti ndio mwezi wa kuzunguka mashambani. Ukisubiri Oktoba, mkulima yuko juu ya mashine anavuna tangu alfajiri hadi usiku na hana nafasi ya kukusikiliza.